KHUTBA YA IJUMAA: KAZI YA NYUMBANI NAYO NI KAZI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, Mwenye kugawa riziki kwa anayemtaka, aliyeufanya usiku kuwa mapumziko na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Tunamshukuru, tunamwomba msaada, tunamwomba msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana mungu wa haki isipokuwa Allah peke yake, hana mshirika. Na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, jamaa zake, maswahaba wake na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na sokoni, mbele ya watu na tukiwa peke yetu ndani ya nyumba.

Ndugu Waislamu, leo tuzungumze juu ya neno moja tunalolitumia kila siku hapa Katanga, neno "kazi". Ukimkuta kijana amekaa mbele ya nyumba yao, ukamuuliza, "Ndugu, unafanya kazi wapi?", atainamisha kichwa na kujibu: "Baba, sina kazi. Ninashona-shona tu pale nyumbani." Ukimuuliza mama anayeamka saa kumi ya usiku kukaanga mikate, na kwa mikate hiyo watoto wake wanalipiwa shule, naye atakuambia: "Mimi sifanyi kazi, ninajitafutia tu." Kumbe anayesema hana kazi ndiye anayelisha watu saba!

Tumeipata wapi fikra hii kwamba kazi ni ile ya kampuni peke yake? Wazee wetu wanajua. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na baada ya mali yake kuchukuliwa na serikali mwaka 1967 ikaja kuwa Gécamines. Kwa miaka mingi mtu aliyeitwa mfanyakazi alikuwa na namba yake, mshahara wake, nyumba katika kambi, mposho wa unga, hospitali ya wagonjwa wake na shule ya watoto wake. Asiyekuwa na namba alihesabiwa kuwa hana kazi. Hivyo tukazoea kuipima heshima ya mtu kwa karatasi ya kampuni.

Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1980 kampuni ile ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na katikati ya miaka ya 1990 ilishuka chini ya tani 50,000. Wizi na uporaji wa Septemba 1991 na Januari 1993 uliharibu maduka na viwanda katika miji mingi ya nchi. Vita vikafuata. Na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wababa waliotumika miaka mingi wakarudi nyumbani, wakakaa kwenye kiti, wakaangalia barabara.

Lakini, ndugu zangu, tujiulize: ni nani aliyelisha nyumba zetu miaka ile yote? Ni mama aliyeuza makala kwa mafungu madogo. Ni dada aliyesuka nywele chini ya mwembe. Ni yaya aliyetengeneza redio chumbani mwake. Ni mzee aliyejua kupiga mashini, akawaandikia watu barua na maombi. Kampuni ilifunga mkono, Mwenyezi Mungu hakufunga riziki yake. Ila aliipitisha mahali ambapo sisi tulikuwa tunapadharau.

Na dini yetu haikupadharau mahali hapo hata siku moja. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametufundisha, kwa maana ya hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko kile alichokipata kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud, amani imshukie, alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Angalieni: Daud alikuwa mfalme, alikuwa na hazina, alikuwa na watumishi. Pamoja na hayo alitengeneza nguo za vita za chuma na akala jasho lake. Nabii Zakariya alikuwa seremala, kama ilivyokuja katika Sahihi Muslim. Manabii hawakuona haya kushika chombo cha kazi. Basi wewe mwenye diploma ya serikali unaona haya ya nini?

Akatufundisha tena Mtume, katika hadithi ya Zubair bin al-Awwam, kwamba mtu kuchukua kamba yake, akaenda kuleta mzigo wa kuni mgongoni na kuuza, ni bora kwake kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Hakumwambia asubiri mpaka apate gari la kubebea kuni. Kamba inatosha kuanzia.

Ndugu Waislamu, sikilizeni sasa kisa kilichopokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume akiomba. Mtume hakumfukuza, wala hakumpa kitu akaondoka nacho. Alimuuliza kama nyumbani mwake hamna kitu chochote. Yule mtu akasema kipo: nguo moja nzito, wanajifunika nusu na kutandika nusu, na bakuli la kunywea maji. Mtume akamwambia avilete. Akavishika mkononi mwake, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja; Mtume akauliza nani ataongeza, mara mbili au tatu; mwingine akatoa dirhamu mbili, akavichukua. Mtume akampa yule Ansari dirhamu zake mbili, akamwelekeza: kwa dirhamu moja anunue chakula apeleke kwa watu wake, na kwa ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma kukata kuni na kuuza, wala asimwone kwa siku 15. Yule mtu alirudi akiwa amepata dirhamu kumi. Akanunua nguo kwa baadhi, na chakula kwa baadhi.

Katika kisa hiki, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mna mafunzo makubwa kwa kila anayetaka kuanza kujitegemea nyumbani kwake.

Funzo la kwanza: anza na kilichomo ndani ya nyumba. Mtume hakumuuliza anamjua nani serikalini. Alimuuliza ana nini. Jiulize na wewe: nyumbani mwangu kuna nini? Labda kuna mashini ya kushona ya marehemu bibi, imewekwa juu yake vyombo. Labda kuna kompyuta, na unajua kuandika Kifaransa kisicho na makosa. Labda kuna pasi ya makala, kuna jiko, kuna sufuria kubwa. Labda hakuna chombo, lakini kuna elimu: unajua hesabu, na watoto wa jirani wanashindwa na hesabu. Labda unajua kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese. Mikono miwili yenye ufundi ni mtaji.

Funzo la pili: tenga pesa ya chakula na pesa ya shoka. Dirhamu zilikuwa mbili tu, watu nyumbani wana njaa, na bado Mtume hakukubali zote mbili ziliwe. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapokufa. Mama amekaanga mikate: unga, sukari, mafuta na makala vimemgharimu faranga 20,000. Ameuza, amepata faranga 26,000. Jioni nyumba nzima inaona mama ana faranga 26,000! Huyu anataka viatu, yule anataka uniti za simu, na baba anataka kidogo cha safari. Lakini faida ni faranga 6,000. Zile 20,000 ndizo shoka. Ukila shoka leo, kesho utakata kuni kwa meno? Weka mifuko miwili, hata ikiwa ni makopo mawili ya maziwa: moja la kazi, moja la nyumba. Na wewe mwenye kazi ujilipe kidogo kinachojulikana, kama vile ungemlipa mtu mwingine.

Funzo la tatu: jipe muda na hesabu. Siku 15 zilikuwa na mwanzo na mwisho. Hakuambiwa aende akajaribu-jaribu. Andika katika daftari: nimeanza tarehe fulani, nimetumia hiki, nimeingiza hiki. Mwisho wa muda, kaa chini uhesabu bila kujidanganya. Kama kazi haileti kitu, badilisha namna, wala usione aibu.

Funzo la nne: Mtume alitia mpini kwa mkono wake. Anayeanza anahitaji mtu wa kumshika mkono. Wewe ndugu uliyetangulia katika ufundi, mfundishe anayekuja nyuma yako. Usiogope kwamba atakula riziki yako. Riziki yako imeandikwa kwa jina lako.

Ndugu zangu, hapa kuna jambo la kutofautisha. Toka zamani za Zaire sisi Wakongomani tuna maneno yetu: "Artikle 15", maana yake jipange mwenyewe. Maneno haya yana upande mzuri, kwa sababu yametufanya tusikae tukilia. Lakini yana upande mbaya pia. Mtu anachanganya mafuta na maji, anasema: Artikle 15. Mtu anatengeneza karatasi ya uongo, anasema: Artikle 15. Mtu anakula avansi ya mteja na kuzima simu, anasema: maisha ni magumu, Artikle 15. Hapana! Muislamu naye anajipanga, lakini anajipanga ndani ya mipaka ya Mwenyezi Mungu. Katika Qur'ani mna sura nzima inayoanza kwa onyo kali juu ya wanaopunja vipimo, ni Suratul-Mutaffifin. Wao wakipokea wanataka kipimo kamili, wakitoa wanapunguza. Ugumu wa maisha haukutajwa pale kuwa udhuru.

Na sasa tufike kwenye moyo wa khutba hii. Ikiwa tumekubali kwamba kazi ya nyumbani ni kazi, basi tukubali pia kwamba ina amana yote ya kazi. Katika kampuni kuna bosi, kuna saa ya kuingia, kuna mtu wa kuandika majina ya waliochelewa. Nyumbani hakuna. Ukilala mpaka saa tatu, hakuna wa kukuuliza. Ukitia uzi mbovu ndani ya nguo mahali pasipoonekana, hakuna wa kufungua na kuangalia. Nani basi anakusimamia? Ni yule asiyeshikwa na usingizi wala kulala. Mwenye kufanya kazi peke yake chumbani amepewa mtihani wa ihsani: umwabudu Mwenyezi Mungu kama unamwona, na kama wewe humwoni, ujue yeye anakuona.

Katika Surat Saba, aya ya 10 na 11, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba alimlainishia Daud chuma, na akamwamuru atengeneze nguo za vita pana, na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Tazameni jinsi Mola wetu anavyojali pete ndogo ya chuma! Pete moja ikiwa mbovu, mshale unapita, na mtu anakufa. Basi na mshono wako una hesabu, na barua unayompigia mtu kwenye kompyuta ina hesabu. Ukikosea tarehe yake ya kuzaliwa, anaweza kukosa shule au kazi.

Mafundi, nazungumza nanyi kwa mapenzi. Kila mwaka Idd inapokaribia tunaona mambo yaleyale. Fundi anapokea vitenge vya watu thelathini, na mikono yake inaweza kushona vya watu kumi na tano. Kila mmoja anaambiwa, "Njoo keshokutwa." Usiku wa Idd mama anasimama mlangoni kwa fundi, watoto wanalia, kitenge bado hakijakatwa. Fundi huyu hakukosa ufundi. Amekosa neno "hapana". Kumwambia mteja, "Mama, siku hizi nimejaa, siwezi," ni ukweli, na ukweli unaleta baraka. Kupokea kazi usiyoiweza ili avansi ibaki kwako ni ahadi ya uongo, na kuvunja ahadi ni katika alama za mnafiki.

Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wanalipa mbele kwa ajili ya matunda ya mwaka mmoja na miaka miwili. Hakuwakataza. Ila aliwaamuru, katika hadithi ya Ibn Abbas, kwamba anayelipa mbele alipie kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hii ndiyo dawa ya ugomvi kati ya fundi na mteja. Kabla ya kushika pesa, semeni mambo manne: kazi gani, bei gani, siku gani, na itakuwaje umeme ukikatika au mmoja akiugua. Andikeni kwenye karatasi ndogo, kila mmoja abaki na yake. Mabaki ya kitenge ni ya mwenye kitenge, isipokuwa akikuachia. Siri ya karatasi unazopiga ni ya mwenye karatasi. Na usimsifie mteja kitu chako kwa kuficha kasoro yake. Mtume aliingiza mkono katika fungu la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akatangaza kwamba mwenye kudanganya si katika sisi.

Nanyi vijana mnaofanya kazi kwa intaneti, mnaotafsiri, mnaochora, mnaotengeneza hesabu za watu, mwenye kazi yuko Kinshasa, au Ubelgiji, au Kanada, na pengine hamtaonana maisha yenu yote: huyo naye ana haki juu yako. Kuwa kwake mbali, au kuwa si Muislamu, hakukuhalalishii pesa yake bila kazi. Lakini jihadharini pia msidanganywe. Mtu akikuambia ulipe kwanza ndipo akupe kazi, mwache. Kazi ya kweli inakulipa, haikulipishi.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumesema na mwenye kufanya kazi. Sasa tuseme na sisi tulio pembeni yake: wateja, waume na majirani.

Wateja kwanza. Fundi wa nyumbani ana adui mmoja mkubwa, naye ni ndugu yake mwenyewe. Mtu akinunua mjini, kwenye duka la mgeni, analipa bila neno. Akija kwa jirani yake Muislamu anasema, "Mama, sisi si watu wa nyumba moja? Nitakuletea mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unafika, anapita njia nyingine. Watu kumi wa namna hiyo wanatosha kuua kazi ya mjane. Halafu wanasema: kazi za Waislamu haziendelei! Mtume ametueleza kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wa watu watatu siku ya Kiama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Ndugu yangu, ukiwa na Mwenyezi Mungu kama mgomvi wako, utamchukua wakili gani? Leo malipo yamekuwa mepesi, wengi wetu tunaweza kutuma pesa kwa simu hata saa ya usiku. Basi kabla jua halijachwa leo, anayejua kwamba ana deni la mshono, la mikate, la masomo ya mtoto, la nywele za binti yake, alipe, au aende kwa mwenyewe aombe muda kwa ulimi wake, asijifiche.

Na wewe mwenye kudai, soma Suratul-Baqara. Aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuamuru tuandike deni, liwe dogo au kubwa, na muda wake. Kuandika si kumdharau ndugu yako. Kunamlinda yeye na kukulinda wewe. Na aya ya 280 inatuamuru, kama mdaiwa ana dhiki kweli, tumpe nafasi mpaka apate, na tukimwachia kama sadaka ni bora zaidi kwetu. Tafauti ya mwenye dhiki na mwenye kiburi unaijua.

Sasa waume. Wengi wanaofanya kazi nyumbani ni wanawake, na Uislamu umewapa haki yao kabla ya dunia kuijua. Suratun-Nisaa, aya ya 32, inasema kwa maana kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Bibi Khadija, radhi za Allah zimfikie, alikaa Makka na mali yake ikaenda Sham mikononi mwa watu aliowaamini, na mmoja wao alikuwa Mtume wetu kabla hajapewa utume. Bibi Zainab bint Jahsh, mama wa waumini, alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka, na ndiye aliyetambuliwa na wake wenzake kuwa mwenye mkono mrefu, maana yake mkono wa kutoa. Na Zainab mke wa Abdullah bin Mas'ud aliuliza kama inamfaa kumtumia mumewe na mayatima walio chini yake. Mtume akajibu kwamba ana thawabu mbili, ya kuunga udugu na ya sadaka.

Fahamu vizuri, ndugu mume: akikupa kwa roho safi ni sadaka. Ukimnyang'anya ni dhuluma. Nafaka ya nyumba ni juu yako hata mke akipata zaidi yako. Kopo la mtaji wake si mfuko wako. Mke naye asifanye kazi kwa kificho na kwa kiburi, nyumba ikavunjika kwa ajili ya faranga. Kaeni mshauriane: kazi ifanyike chumba gani, wateja wanaume wapokelewe wapi na nani, watoto wasaidie saa ngapi baada ya shule. Hata sheria ya nchi, katika marekebisho ya Sheria ya Familia ya tarehe 15 Julai 2016, iliondoa ule ulazima wa mke kuomba ruhusa ya mume, ikaweka makubaliano ya wote wawili. Muislamu anapaswa kuwa wa kwanza kuyafahamu hayo.

Na kila mmoja anayefanya kazi nyumbani apange siku yake kwa swala. Mwenyezi Mungu amekupa kengele tano. Anza baada ya Alfajiri, kwa sababu Mtume ameuombea umma wake baraka katika mwanzo wa mchana, na Sakhr al-Ghamidi, aliyeipokea hadithi hiyo, alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa akituma bidhaa zake asubuhi mapema, akapata mali nyingi. Adhana ikilia, weka mkasi chini. Na siku ya Ijumaa usiseme, "Mteja yuko njiani." Suratul-Jumu'a inatuita kwanza tuache biashara, twende kwenye kumtaja Mwenyezi Mungu. Kisha swala ikimalizika inatuambia tutawanyike katika ardhi tutafute fadhila zake. Basi kutoka kwetu msikitini leo kwenda kwenye mashini, kwenye jiko na kwenye kompyuta ni katika kuitii aya hiyo.

Mwenyezi Mungu akikubariki, kumbuka Zaka. Chombo cha kazi, kama mashini, hakitolewi Zaka. Lakini pesa uliyoweka pamoja na bidhaa za kuuza, zikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo, toa mbili na nusu kwa mia. Na usingoje Zaka ndipo utoe. Mkate mmoja kwa yatima wa jirani unalinda sufuria nzima.

Ndugu Waislamu, tukitoka hapa tubadilishe ulimi wetu. Kijana akisema, "Ninashona tu," mwambieni, "Ondoa hiyo tu. Unafanya kazi, na Mola wako anaihesabu." Mtu akija kuposa binti, usimuulize kampuni gani peke yake. Muulize mkono wake unajua nini, na wateja wake wanasema nini juu ya amana yake. Katika Suratul-Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hakutaja karatasi.

Tuombe Mwenyezi Mungu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako, na kwa fadhila zako tusihitaji mwingine. Ewe Mola, ibariki mikono inayofanya kazi ndani ya nyumba zetu, mikono ya mama zetu, dada zetu na vijana wetu. Wape wateja wema, na uwape wao uaminifu. Ewe Mola, walipie wenye madeni madeni yao, na uwalainishe wanaodai. Wafungulie mlango waliokaa miaka bila mlango. Wasamehe wazee wetu waliotumika katika migodi wakafa bila kupata haki yao, na uwaponye walio wagonjwa kati yao. Ewe Mola, ipe nchi yetu Kongo amani, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini. Warudishe waliokimbia vita kwenye nyumba zao, na uwape viongozi wetu hofu yako. Tupe mema ya dunia na mema ya Akhera, na utulinde na Moto.

Mwenyezi Mungu anatuamuru uadilifu, wema na kuwasaidia jamaa, na anatukataza uchafu, uovu na dhuluma. Mkumbukeni, atawakumbuka. Simamisheni swala.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.